Mkono wa Mpingo

Mradi wetu ulikuwa na kaulimbiu iliyochapishwa kwenye fulana, kwenye kalamu, kwenye mifuko na hata kwenye vikombe vya chai: "Kutoka Molekuli Hadi Mkononi." Vikombe vilifika mwezi wa kwanza. Molekuli ilifika mwezi wa tano. Mkono ndio uliochelewa, na habari zake ndizo ninazotaka kuzisimulia, kwa sababu katika ripoti ya mradi hazimo.

Naitwa Felista. Nilikuwa fundi wa maabara, yaani mtu anayefanya mambo ambayo wengine wanayaandika. Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga mtaa wa Shangani, huku kusini, ikitazama bahari, kwa kuwa Profesa Anold, mkuu wa mradi, aliamini kwamba fikra za kisayansi zinahitaji upepo. Mimi nilipanga Rahaleo, mbali na bahari, nikafikiri bila upepo.

Niseme jambo jema kabla sijasahau. Wazo lilikuwa zuri. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza ngozi, na kila mwanamke anayebangua korosho huku kusini anayajua kwa vidole vyake. Tulikusudia kuyachukua mafuta hayohayo, kuyabadili umbo, kuyaunganisha na utomvu wa mpira hadi yawe mnyororo mmoja mrefu, kisha kutengeneza glavu ambayo mafuta ya ganda hayawezi kuila, maana yenyewe tayari yamo ndani yake. Dawa ya moto ni moto. Hata leo nikilieleza wazo hilo nasisimka kidogo, na mimi si mtu wa kusisimka ovyo.

Tatizo lilikuwa sisi wenyewe. Tuliitwa timu ya fani nyingi, maana yake kila fani ilikuwa na chumba chake na ufunguo wake. Daktari Brian, mbunifu wa molekuli, alikaa chumba cha kiyoyozi na kompyuta mbili, akichora minyororo ya polima kwa rangi za kupendeza. Profesa alikaa sebuleni na wageni. Mimi nilikaa jikoni na ndoo za utomvu, oveni, na mikono sita ya kaure iliyoagizwa ng'ambo ili iwe kalibu: unauchovya mkono wa kaure kwenye mchanganyiko, unaukausha kwenye oveni, kisha unaivua glavu. Waliotengeneza kalibu zile waliwapimia wanaume wa kwao, watu wenye viganja vipana kama sahani. Niliposema kwamba wabanguaji wetu ni akina mama wenye mikono midogo, Profesa alinijibu kuwa suala la ukubwa litashughulikiwa katika awamu ya pili. Katika mradi ule kila jambo la maana lilikuwa katika awamu ya pili.

Brian alikuwa ameandika makala nane kuhusu mafuta ya ganda la korosho. Alikuwa kijana mpole wa Moshi, msafi, hana kiburi, na korosho aliyoijua ni ile iliyokwisha kukaangwa na kutiwa chumvi ndani ya pakiti. Tulipishana mlangoni kwa miezi saba bila kuulizana swali la kazi. Nikiwa na la kumwambia nilimwandikia barua pepe, ikatoka jikoni, ikazunguka dunia, ikamfikia upande wa pili wa ukuta.

Mwezi wa nane tulikwenda Mahurunga, jirani na mto Ruvuma, kuwasajili wabanguaji ishirini na wanne ambao wangezijaribu glavu. Walikuwa wametusubiri tangu asubuhi kwenye ghala lao, wamevaa khanga safi. Profesa aliwahutubia nusu saa nzima juu ya molekuli. Kisha akatoa mashine ndogo ya alama za vidole, kwani wafadhili walikuwa wameagiza kwamba kila mshiriki asajiliwe kwa kidole, ili kuzuia washiriki hewa.

Msomaji mwerevu ameshafika mbele yangu. Sisi, wenye shahada tisa kwa jumla, tulikuwa bado njiani.

Wa kwanza aliweka kidole gumba. Mashine ikawaka nyekundu. Akakifuta kwa khanga, akaweka tena, nyekundu. Wa pili nyekundu, wa tatu nyekundu. Mafuta ya ganda huchubua ngozi ya ncha za vidole, ngozi mpya ikiota nayo huchubuliwa, mpaka ncha zinabaki laini, zinang'aa, hazina mstari hata mmoja. Kati ya wale ishirini na wanne mashine iliwasoma watatu, na wawili kati yao walikuwa wameanza kazi wiki iliyotangulia.

"Basi hawa hawana sifa," Profesa aliniambia kwa sauti ya chini, akifunga kompyuta.

"Sifa gani, Profesa? Glavu ni kwa ajili ya watu walioungua vidole."

"Felista, siwezi kumsajili mtu asiyesajilika."

Alisema hivyo na uso wake haukubadilika. Akawashukuru akina mama kwa ushirikiano wao, akaagiza wapewe kalamu za mradi.

Wa mwisho kukataliwa alinifuata hadi kwenye gari. Jina lake Laurinda Pedro, umri miaka arobaini na saba, kiongozi wa kikundi, mwembamba, na kidole kidogo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepinda kwa sababu alikivunja utotoni. Kijijini wote walimwita Mama Telma, kwa jina la binti yake.

"Mwanangu," aliniambia, "hizo glavu zinazuia mafuta kweli, au ni maneno ya mkutano?"

"Zinazuia, Mama Telma. Nimezilaza kwenye mafuta siku arobaini."

"Nikizivaa mpaka mwezi wa kumi na moja, alama zangu zitarudi?"

Nikamuuliza kwa nini mwezi wa kumi na moja, naye akanieleza bila kupamba. Wazazi wake walivuka Ruvuma wakikimbia vita Msumbiji, yeye akazaliwa hapohapo Mahurunga na hajawahi kulala ng'ambo hata siku moja. Mara tatu alikwenda kusajiliwa kitambulisho cha taifa, mara tatu mashine ikamkataa, na mara ya tatu waliandika kwenye daftari: hana alama, asili ya wazazi ina mashaka. Sasa serikali ya kijiji ilikuwa inatoa hati za mashamba, na asiye na namba ya kitambulisho haandikiwi hati. Shamba la marehemu mama yake, mikorosho arobaini na miwili, lingeandikwa kwa jina la kaka yake wa kambo, Mauricio, ambaye alikuwa na namba na alikuwa ameshampata mnunuzi. Mauricio hajabangua korosho hata moja maishani mwake. Vidole vyake vilisomeka kama gazeti.

"Waliniambia nipumzishe mikono miezi miwili, alama zitaota tena," alisema. "Nikawauliza, na tumbo nalo nilipumzishe wapi?"

Timu ya usajili wa vitambulisho ingerudi kijijini mwezi huo wa kumi na moja, kwa siku tatu tu. Nikamwambia nitamletea pea moja kwa siri, azivae kazini, aone. Niliahidi kwa wepesi wa mtu mwenye vidole vyake vyote kumi.

Huku nyuma Profesa alilitatua tatizo la washiriki kwa namna iliyowafurahisha wafadhili. Aliwasajili watu wanaosomeka: makarani wanane, walimu wanne, wanakwaya kumi na mmoja na dereva wetu. Walikaa kwenye baraza la Shangani saa mbili, wamevaa glavu, kila mmoja na sinia lake la korosho zilizokwisha kupasuliwa, wakapigwa picha, wakanywa chai kwenye vikombe vyenye kaulimbiu. Dereva alikula korosho zake zote. Hakuna aliyeungua. Ripoti ikaandika kwamba asilimia mia moja ya washiriki walikingwa kikamilifu dhidi ya mafuta, na mimi sikuwa na la kubisha, kwani hata mtu aliyelala kitandani kwake siku ile alikingwa kikamilifu.

Nilipeleka Mahurunga pea kumi na moja za glavu zilizobaki. Niliporudi baada ya wiki moja, akina mama walinipokea kwa vigelegele. Walizipenda sana. Nikaomba kuziona, nikaonyeshwa: pea kumi zilikuwa zimekatwa ncha kwa mkasi, kidole gumba, cha shahada na cha kati.

Ukiwaona wakifanya kazi huwezi kuwalaumu. Korosho hupikwa kwa mvuke, hupasuliwa kwa kisu kinachobonyezwa kwa mguu, kisha kiini huchokonolewa kutoka kwenye ganda kwa ncha za vidole, na lazima kitoke kizima. Mnunuzi anataka korosho nzima. Vipande unavila mwenyewe. Ndani ya glavu zetu, nene kama kandambili na zilizopimwa kwa mikono ya majitu, kidole hakiwezi kuhisi kiini kinaanzia wapi. Kwa hiyo jirani yake Mama Telma, Salma, mwanamke mwenye akili ya haraka, alichukua mkasi, na wenzake wakamfuata. Glavu sasa zilikinga mkono mzima isipokuwa mahali panapoungua.

"Zinasaidia sana," Salma aliniambia kwa dhati. "Mgongo wa mkono haupigwi jua."

Mama Telma peke yake ndiye aliyekuwa hajakata zake. Alikaa pembeni na sinia lililojaa vipande vitupu.

"Sijazikata," alisema. "Lakini wiki hii tumekula muhogo na chumvi, mwanangu. Mume wangu hajasema kitu. Telma ndiye aliyeuliza."

Nilipanda gari nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani, nikaamua nianze na aliye karibu. Nilifika Shangani, nikafungua mlango wa Brian bila kubisha hodi, jambo ambalo katika historia ya mradi lilikuwa halijatokea.

"Kesho unakwenda Mahurunga," nikamwambia.

"Kuna kikao cha—"

"Kesho unakwenda Mahurunga."

Akaenda. Na hapa ndipo niseme kilichotokea, ingawa Brian amenisihi nisikiseme. Akina mama walimkaribisha, wakamwonyesha gunia la korosho mbichi, zikiwa bado na maganda. Aliichukua moja, akaitazama kwa upendo wa mtu aliyeandika makala nane, akaigeuza huku na huku. Wote tulidhani anaichunguza. Kabla mtu hajanyoosha mkono, Daktari Brian aliitia katikati ya meno, akauma ili aipasue.

Katika pwani yote hii hata mtoto wa miaka mitatu hafanyi hivyo. Mafuta yalimtoka kwenye kona ya mdomo. Salma alimrushia majivu ili yanyonye mafuta, Mama Telma akampaka mafuta ya nyonyo, na mbunifu wa molekuli akakaa juu ya gunia, machozi yakimtoka, akikutana na molekuli yake uso kwa uso. Kufika jioni midomo ilikuwa imevimba kiasi kwamba hakuweza kuifumba. Pole nilimpa, lakini nakiri kwamba nilichelewa kidogo kuitoa kwa sababu nilikuwa nacheka.

Kwa siku sita hakuweza kuzungumza. Zilikuwa siku sita za mafanikio makubwa kuliko zote katika mradi wetu, kwani mtu asiyeweza kuzungumza husikiliza. Alihamishia kiti chake jikoni. Aliniandikia maswali kwenye karatasi: Inapaswa iwe nyembamba kiasi gani ndipo kidole kihisi? Nikamwonyesha ngozi ya kitunguu. Inachanika wapi kwanza? Nikamwonyesha ncha ya kidole gumba. Akarudi kwenye kompyuta, akaifupisha minyororo yake, akaifunga pamoja kwa viungo vya karibukaribu zaidi, ili utando mwembamba uwe na nguvu ya utando mnene. Akanipa vipimo, nikachanganya, ikashindikana. Akabadilisha, nikachanganya tena. Hakuna aliyemwandikia mwenzake barua pepe.

Ikabaki kalibu. Mikono ya kaure isingefaa hata tungeibembeleza. Mume wa Mama Telma, Americo, ni mchongaji wa Kimakonde, huchonga vinyago ambavyo wageni wanavinunua bila kuuliza maana yake. Nilimweleza ninachotaka, mikono miwili ya mpingo, vipimo vya mkewe kamili, na nikampa rula. Hakuipokea. Alimtazama mkewe aliyekuwa anapepeta mchele, kisha akaingia kibandani kwake.

Baada ya siku nne alinikabidhi mikono. Kila kifundo kilikuwa mahali pake, hata kovu lake la panga karibu na kifundo cha mkono wa kushoto, na kidole kidogo cha kulia kimepinda vilevile.

"Hiki ungekinyoosha tu," nilimwambia. "Glavu haihitaji kasoro."

"Mkono wake ndio huo," Americo alisema. "Au unataka wa mwanamke mwingine?"

Mchanganyiko wa kwanza uliteleza ukadondoka wote, kwa kuwa mpingo nao una mafuta yake. Wa pili ulishika, ukachanika wakati wa kuvua. Mara ya tatu niliichovya kwanza mikono ile kwenye maji ya chokaa, ndipo utomvu ukagandamana vizuri, mwembamba, wa rangi ya chai ya rangi. Nilivua glavu taratibu, nikaipulizia, ikasimama na kidole chake kilichopinda. Brian aliishika, midomo yake bado ina magamba, akaivuta, akaiachia. Akasema hajawahi kugusa kitu alichokibuni. Nilimwonea huruma kweli, maana alikuwa na miaka thelathini na sita.

Profesa alipita jikoni akaona mikono ya mpingo, akasifia uchongaji, akauliza kama inapatikana ya zawadi kwa wafadhili.

Mama Telma alivaa zile glavu wiki saba. Siku ya kwanza alitoa kiini kizima, akakiweka juu ya kiganja, akakitazama, akatoa kingine. Kufikia saa sita sinia lake halikutofautiana na la Salma. Zilipochakaa nilimpelekea nyingine. Kila Jumamosi nilizitazama ncha za vidole vyake kwa lenzi ya maabara. Wiki ya tatu hapakuwa na kitu. Wiki ya tano niliona mistari, hafifu, imezungukana kwenye kidole gumba. Nilimpa lenzi atazame mwenyewe. Alitazama muda mrefu, kisha akanirudishia na kuendelea na kazi, lakini nilimwona anavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Timu ya usajili ilifika. Siku ya pili, saa kumi jioni, simu yangu iliita.

"Mwanangu, mashine imesoma," alisema Mama Telma. "Vidole vyote kumi."

"Hongera, mama yangu!"

"Wamesema mimi si mimi."

Nikamwomba anieleze polepole. Daftari lao lilisema wazi, mara tatu, kwamba Laurinda Pedro, mbanguaji wa Mahurunga, hana alama za vidole. Na sasa amekuja mwanamke mwenye alama safi, anadai ndiye Laurinda Pedro. Afisa alikuwa amefikiri kwa makini, na kwa kweli alikuwa amefikiri kuliko Profesa wetu: mtu asiye na alama haoti alama, kwa hiyo huyu ni mwingine, pengine amevuka mto juzi. Majirani walimtetea, lakini majirani wote walikuwa kwenye foleni ileile, na wengi nao hawakuwa na namba. Afisa alitaka maandishi kutoka kwa wataalamu. Kesho ilikuwa siku ya mwisho, na Mauricio alikuwa ameonekana akisimama nje ya ofisi ya kijiji tangu asubuhi.

Nilimwendea Profesa barazani. Ripoti ilikuwa imetoka kiwanda cha uchapaji siku hiyo, kitabu kizito chenye karatasi za kung'aa, kila ukurasa umechapwa upande mmoja, maana kuchapa upande wa pili kulionekana kuharibu picha.

"Barua isemeje?" aliniuliza, na alikuwa mpole. "Kwamba mama huyu alikuwa mshiriki? Hakuwa. Kwamba hakuwa mshiriki lakini ametumia glavu? Glavu gani? Hizo unazosema wewe hazimo kwenye ripoti. Ukizitaja, mtu atauliza zilizomo zilijaribiwa na nani."

"Zilijaribiwa na kwaya."

"Unaona sasa," alisema Profesa. "Felista, shamba la mama huyu linanihuzunisha. Lakini mradi unafungwa Ijumaa, tusiufungue Alhamisi."

Brian alikuwa amesimama mlangoni. Nilipoingia jikoni nilimkuta ameshaifungua kompyuta ya ile mashine ndogo ya alama. Profesa aliwakataa wale akina mama, ila mashine haikuwasahau: majina ishirini na moja, tarehe, saa, na mbele ya kila jina, haisomeki. Tuliichapa orodha hiyo. Muhuri wa mradi nilikuwa nao mimi, kwa kuwa ulitunzwa kwenye droo ya vijiko. Nikaupiga kwa nguvu, na chini yake tukatia sahihi sote wawili, kila mmoja na cheo chake.

Asubuhi nilikuwa Mahurunga. Afisa usajili, Dickson, alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukesha na kompyuta, si mtu mbaya. Nilimpa orodha, nikampa na ripoti ili ajue mradi upo kweli. Aliipekua, akatazama picha za makarani na glavu.

"Mama huyu yuko ukurasa gani?"

"Hayumo," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Akasoma orodha. "Hii inaonyesha mwezi wa nane hakuwa na alama. Sawa na daftari langu. Mimi nauliza, dada, nitajuaje kwamba aliyekuwa hana na huyu mwenye nazo ni mtu mmoja?"

Nilifungua begi, nikatoa mikono ya mpingo, nikaiweka mezani kwake. Foleni yote ilisogea. Nikamweleza kwamba hiyo ilichongwa mwezi wa tisa, kwamba glavu za mama huyu zilitengenezwa juu yake, na kwamba tangu hapo ganda halijamgusa. Nikamwomba Mama Telma aweke mikono yake kando ya ile.

Dickson aliinama. Alitazama kovu la panga, kisha kovu la mti. Alitazama kidole kidogo cha kulia, kimepinda mara mbili, kwenye nyama na kwenye mpingo. Akamwita mwenyekiti wa kijiji, akamuuliza mama huyu alikivunja lini kidole.

"Tulikuwa darasa la tatu," mwenyekiti alisema. "Alianguka kwenye mkorosho wa mama yake. Mimi ndiye niliyemsukuma."

Watu walicheka, na Dickson mwenyewe akacheka kidogo. Akavuta mashine. Mama Telma aliweka vidole vinne vya kulia, kijani. Vinne vya kushoto, kijani. Vidole gumba viwili, kijani. Alipopewa kipande cha karatasi chenye namba alikisoma tarakimu moja moja kwa sauti, mpaka mwisho, kisha akamtazama Mauricio aliyekuwa dirishani. Machozi yalinitoka mimi. Sikuyaficha, nilikuwa nimeyafanyia kazi.

"Anayefuata," alisema Dickson.

Anayefuata alikuwa Salma. Aliutoa mkono chini ya khanga, akaweka kidole gumba. Nyekundu. Akakifuta, akaweka tena, nyekundu. Dickson hakumkaripia. Aliandika kwenye daftari, akamwambia arudi mwakani, apumzishe mikono.

Salma hakuondoka. Alinigeukia. Nyuma yake nao walinigeukia, na mmoja mmoja wakaanza kuitoa mikono kwenye khanga.

"Mikono ya mti iko mingapi?" Salma aliniuliza.

"Miwili tu. Ni ya Mama Telma."

"Na yetu?"

Nikaanza kumweleza kwamba mradi unafungwa kesho, kwamba kuna mipango ya awamu ya pili. Nilisikia sauti yangu, ilikuwa sauti ya Profesa, na upepo wake wote. Mama Telma alinitazama mpaka nikanyamaza.

"Mradi unafungwa," alisema. "Na korosho, mwanangu, nazo zinafungwa?"

Nilikaa kwenye benchi. Niliichukua ripoti kutoka mezani kwa Dickson, nikaigeuza upande wake mtupu, nikaomba kalamu. Zilikuwa nyingi, kila mtu alikuwa na ya mradi. Salma aliweka kiganja juu ya karatasi ile ya kung'aa, akatanua vidole, nikaanza kuvizungushia wino kimoja kimoja, huku Americo amechuchumaa mbele yetu anatazama. Kufika saa tisa nilikuwa nimejaza kurasa kumi na saba, na foleni ilikuwa bado haijaisha.